Gari linatetemeka, dhamana imenikataa, na mume wangu bado hajui

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Nimeisoma safu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba nami siku moja ningeketi kukuandikia, tena kwa sababu ya gari.

Miezi minane iliyopita nilinunua gari lililotumika, la giaboksi ya otomatiki, ambalo lilikuwa limeshatembea kilomita 118,260. Nusu ya fedha ilikuwa akiba yangu ya miaka minne, na nusu nyingine ni mkopo ambao nitaendelea kuulipa kwa zaidi ya miaka miwili. Mume wangu alitaka fundi tunayemfahamu alikague gari kabla hatujalipa, na tena alishauri tununue la bei ya chini kidogo, ili fedha itakayobaki tuiweke kwa ajili ya matengenezo. Mimi nilikataa yote mawili. Muuzaji nilielekezwa kwake na mfanyakazi mwenzangu, alikuwa mtu wa maneno laini, na aliponiona nasitasita alinitolea karatasi ya dhamana ya ziada ya miezi 24 au kilomita 30,000, lolote litakalotangulia. Akaniambia, "Dada, hii inalinda kila kitu, kuanzia taa za mbele mpaka sailensa. Kazi yako wewe ni kuweka mafuta tu." Mume wangu alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni, akaguna. Dhamana hiyo niliilipia fedha inayolingana na mshahara wangu wa mwezi mmoja na nusu, na nakiri kwamba sehemu ya furaha yangu siku ile ilikuwa kumwonyesha kuwa mguno wake haukuwa na msingi.

Mwezi wa nne baada ya kulinunua, gari lilianza kutetemeka. Mtetemo huja nikiwa kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, mguu ukiwa umeigusa tu pedali ya mafuta, na unafanana na gari linalopita juu ya matuta madogomadogo, ilhali barabara ni tambarare. Hudumu sekunde tatu au nne kisha hupotea, kama mtu aliyetaka kusema jambo akajizuia. Nilimwita fundi wa jirani, ambaye alisema oili ya giaboksi imekuwa nyeusi na inanuka kuungua, akaibadilisha palepale nje ya nyumba. Nilimlipa taslimu, sikupewa risiti, na madumu mawili matupu ya oili aliyaacha kwenye buti, ambako hugongana mpaka leo nikikata kona.

Mtetemo ulipungua kwa wiki tatu hivi kisha ukarudi, na safari hii taa ya injini ikawaka. Fundi wa gereji nyingine alichomeka mashine yake akapata namba ya hitilafu P0741. Alinieleza kwamba tatizo ni toki konveta, kifaa kilicho kati ya injini na giaboksi, na kwamba kuishusha giaboksi, kuibadilisha toki konveta na kuikagua giaboksi yenyewe kutanigharimu karibu theluthi moja ya bei niliyonunulia gari. Alinionyesha pia kwenye kioo cha mashine kwamba gari limetembea kilomita 9,410 tangu kumbukumbu ya hitilafu ilipofutwa mara ya mwisho, wakati odomita ilikuwa ikisoma 127,655. Hakunieleza maana yake. Alisema tu nizihifadhi namba hizo, nami nikazipiga picha kwa simu.

Nilipeleka madai kwa kampuni ya dhamana. Baada ya siku 11 nilipata barua yenye sentensi mbili tu zinazonihusu: kwamba hitilafu hiyo ilikuwepo kabla ya mkataba kuanza, na kwamba hata kama isingekuwepo, hakuna uthibitisho kuwa oili ya giaboksi ilibadilishwa kama inavyotakiwa. Nikaenda kwa muuzaji. Safari hii hakuwa na maneno laini. Alisema gari lilitoka kwake likiwa zima kabisa, kwamba limeharibiwa na matumizi yangu na mafundi wa mitaani, na kwamba dhamana si yake bali ni ya kampuni nyingine. Kisha akanipa njia ya kutokea: nimrudishie gari kwa bei ambayo haifiki nusu ya niliyotoa, nichukue jingine, na tofauti iongezwe kwenye mkopo pamoja na dhamana mpya "iliyo bora zaidi".

Yapo mengine mawili ambayo naona haya kuyaandika. Fundi wa jirani yuko tayari kuniandikia risiti yenye tarehe ya mwezi wa kwanza, ionekane kwamba oili ilibadilishwa mapema. Na mtu mwingine amenishauri niifute tu hiyo namba kwenye kompyuta ya gari, taa izimike, nimuuzie mtu asiyejua.

Mume wangu hajui lolote kati ya haya. Taa ya injini nilimwambia ni ukumbusho wa sevisi. Tukiwa pamoja huendesha chini ya 50 ili gari lisitetemeke, na wiki iliyopita aliniambia amefurahi kuona nimekuwa dereva mtulivu. Nilicheka naye, lakini usiku sikulala. Najua mficha uchi hazai, Mshauri, ila kila nikifungua kinywa nausikia ule mguno. Naona nimebakiwa na njia mbili tu: nilipie matengenezo kimyakimya, au nikubali gari jingine kabla hajagundua. Ipi ina unafuu?

Wako,
Dereva Mtulivu


MAJIBU

Dada Dereva Mtulivu,

Pole sana. Miezi minne ya kuendesha huku sikio moja likiwa chini ya gari na jingine kwa mtu aliyeketi kando yako ni uchovu ambao hauonekani kwenye karatasi yoyote ya gharama, na ninashukuru kwamba umeuandika bila kujipendelea.

Nikurudishie kwanza barua yako kama nilivyoielewa, ili unisahihishe nilipokosea. Ulinunua gari kwa kuiamini ahadi. Gari limeharibika, na kila uliyemwendea amekuonyesha mlango wa mwenzake. Sasa unaniuliza uchague ipi kati ya njia mbili ambazo, nikizitazama vizuri, zinafanana kwa jambo moja: katika zote anayelipa ni wewe peke yako, na hakuna mwingine anayetakiwa kujibu swali. Nadhani njia hizo zimebaki mbili kwa sababu umeongeza sharti ambalo halihusiani na giaboksi, yaani kila kitu kiishe kabla mume wako hajajua. Nitalirudia sharti hilo baadaye. Tuanze na gari.

Nakuomba uiweke barua ya kampuni ya dhamana kando ya maneno ya muuzaji, uyasome kwa pamoja. Kampuni inasema hitilafu ilikuwepo kabla ya mkataba. Muuzaji anasema gari lilitoka kwake zima. Hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa wakati mmoja. Ikiwa kampuni imesema kweli, basi uliuziwa gari lenye ubovu, na wa kuulizwa ni muuzaji. Ikiwa muuzaji ndiye aliyesema kweli, basi sababu ya kwanza ya kampuni kukukataa imeanguka. Wewe umeipokea barua ile kama hukumu, na nakuelewa, kwa kuwa barua za namna hiyo huandikwa zisomeke hivyo. Mimi naiona pia kama maelezo ya maandishi, yenye nembo na sahihi, ambayo muuzaji hatafurahi kuyakuta mezani kwake.

Hapo hapo lakini pana mtego, na ni heri uujue mapema. Hoja inayokusaidia dhidi ya mmoja inakuumiza kwa mwingine. Oili iliyokuwa nyeusi na kunuka kuungua baada ya miezi minne tu inaweza kuashiria kwamba klachi iliyo ndani ya toki konveta ilikuwa ikiteleza tangu zamani. Jambo hilo lina uzito kwa muuzaji, lakini kwa kampuni ya dhamana ndilo hasa wanalotaka kulisikia. Kwa hiyo ukiandika barua mbili zenye hasira ileile na hoja zilezile, unaweza kujifunga mwenyewe. Wanaozoea mashauri haya huandika kwa namna ya "ikiwa": ikiwa msimamo wenu ni kwamba ubovu ulikuwepo, nionyesheni mmejuaje, na ikiwa haukuwepo, basi dhamana ilipe. Huhitaji kuapa kwamba unajua lililotokea ndani ya chuma usichoweza kukiona.

Na kwa kweli wao wamejuaje? Katika barua yako sioni popote ambapo mtu wa kampuni alilitazama gari. Una sababu nzuri ya kuwaomba kwa maandishi namba ya kipengele walichokitumia, ripoti ya ukaguzi waliyoitegemea, na utaratibu wao wa rufaa. Wakati huohuo ufungue mkataba wako, najua ni kurasa nyingi zenye herufi ndogo, utafute mambo machache. Dhamana hizi huwa za aina mbili: zinazotaja sehemu zinazolindwa, na zinazolinda zote isipokuwa zilizotajwa. Mara nyingi aina ya kwanza huandika kuhusu giaboksi kwamba hulinda "sehemu za ndani zinazolainishwa na oili", kisha toki konveta ikatajwa kwa jina lake au isitajwe kabisa, na neno hilo moja linaweza kuwa ndilo kesi yako nzima. Angalia pia kipindi cha kusubiri, ambacho katika mikataba mingi ni siku 30. Mtetemo wako ulianza mwezi wa nne, hivyo hapo sioni shida. Na uangalie ni nani hasa aliyeahidi kulipa, kwa kuwa jina lililo juu ya karatasi si lazima liwe la mwenye fedha.

Kuhusu oili, umelichukua lile neno "kama inavyotakiwa" bila kuuliza inatakiwa na nani. Ikiwa mkataba unasema gari lihudumiwe kwa ratiba ya mtengenezaji, basi cha kusoma ni kitabu cha gari. Wapo watengenezaji ambao hawajaandika umbali wowote wa kubadilisha oili ya giaboksi, na wengine wameiita oili ya maisha yote, ingawa kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo huziunda giaboksi zenyewe, hushauri oili ya giaboksi zake za otomatiki ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au kila baada ya miaka minane. Huenda kitabu chako kinaidai huduma hiyo na huenda hakiidai. Kama kinaidai katika umbali ambao gari lilikuwa limeshaupita kabla ya kufika mikononi mwako, mwenye kutakiwa atoe daftari la sevisi si wewe.

Sasa niguse jambo ambalo fundi wa gereji alilisema haraka, nawe ukalibeba kama lilivyo. Toki konveta ni lile duara zito lililo kati ya injini na giaboksi, linalopitisha nguvu kwa njia ya oili. Ndani yake mna klachi ambayo, gari likishika mwendo wa wastani, huifunga injini na giaboksi zizunguke pamoja ili mafuta yasipotee bure. Klachi hiyo ikishika na kuachia, ikashika na kuachia, ndipo unapousikia ule mtetemo wako wa kati ya 60 na 80. Namba P0741 ina maana kwamba kompyuta imeamuru klachi ifunge, nayo haikufunga inavyopaswa. Haisemi kwa nini haikufunga. Inaweza kuwa klachi yenyewe imelika, inaweza kuwa valvu ya umeme inayoisukumia oili imekwama, inaweza kuwa waya, na inaweza hata kuwa oili isiyo ya aina yake. Theluthi ya bei ya gari ni fedha nyingi mno kuitoa kwa kuamini namba moja kwenye kioo, na fundi wa pili anayezijua giaboksi, atakayepima kabla ya kufungua, anaweza kukupa jibu tofauti au kukuthibitishia lilelile. Ila asiifungue giaboksi kabla kampuni haijatoa idhini au haijakataa kwa maandishi kuikagua, kwa kuwa karibu mikataba yote ya dhamana hukataa kulipia kazi iliyoanza bila ruhusa.

Zile namba mbili ulizozipiga picha nimezikokotoa. Tangu ulichukue gari umetembea kilomita 9,395. Kompyuta inasema kumbukumbu yake ilifutwa kilomita 9,410 zilizopita. Ukizitoa, ni kana kwamba mtu aliifuta kilomita 15 kabla hujakabidhiwa ufunguo. Usiruke bado. Odomita na kompyuta ya injini hazihesabu sawasawa daima, na tofauti ya asilimia moja tu ni karibu kilomita 94, kwa hiyo kinachoweza kusemwa ni kwamba ilifutwa karibu na siku za mauzo, kabla au hata baada kidogo. Tena kufuta si lazima kuwe hila: baadhi ya mafundi hufuta baada ya sevisi, na katika magari mengine kubadilisha betri hutosha. Lakini ni swali halali kumuuliza muuzaji: siku zile mlifanya kazi gani kwenye gari, na mashine ilionyesha nini kabla hamjafuta? Asipokuwa na jibu, ukimya huo una uzito wake mbele ya msuluhishi.

Hii ndiyo sababu nyingine inayonifanya niuogope ule ushauri wa kuifuta namba na kuuza. Ukifuta, hesabu ya kilomita 9,410 inarudi sifuri pamoja nayo, na aliyepoteza ni wewe. Fundi makini wa mnunuzi ataona pia kwamba vipimo vya ndani vya kompyuta havijakamilika, dalili ya kwamba kumbukumbu imetoka kufutwa. Na kuna jambo ambalo nadhani unalijua, maana ndilo lililokutia haya: yule "mtu asiyejua" miezi minane iliyopita alikuwa wewe.

Risiti ya fundi wa jirani nayo naiona vivyo hivyo. Tarehe ya mwezi wa kwanza inaweza kupingana na madumu, itapingana na fundi mwenyewe siku atakapopigiwa simu, na mikataba mingi huvunjika yote kwa udanganyifu mmoja, hata pale ambapo madai yako mengine yalikuwa ya kweli. Tena kweli yenyewe si mbaya kiasi hicho. Oili ilibadilishwa mwezi wa nne, mara tu dalili ilipoonekana, na mwenye kufanya hivyo ni mwenye gari anayejali. Fundi huyohuyo anaweza kukuandikia hilo, kwa tarehe yake halisi, pamoja na rangi na harufu ya oili aliyoimwaga.

Upande wa muuzaji unao msingi mwingine usiotegemea karatasi ya dhamana. Dhamana ya ziada ni kitu ulichokinunua juu ya haki ambazo katika nchi nyingi mnunuzi huwa nazo tayari. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 2015 huchukulia kwamba ubovu uliojitokeza ndani ya miezi 6 ulikuwepo tangu makabidhiano, mpaka mfanyabiashara athibitishe vinginevyo. Marekani, tangu mwaka 1985, muuzaji wa magari yaliyotumika hutakiwa kubandika karatasi dirishani ikisema kama gari linauzwa na dhamana au kama lilivyo. Unakoishi kanuni inaweza kuwa kali zaidi au legevu zaidi, na ofisi ya kutetea walaji au wakili atakueleza kwa saa moja. Nenda na hati ya mauzo, na uangalie kama ulitia sahihi chini ya maneno "kama lilivyo", kwa sababu mengi hugeukia hapo.

Ile njia ya kubadilishana gari siidharau. Ina unafuu wa kweli: unaondokana na giaboksi ambayo hakuna anayejua itaishia wapi. Ila iandike kwa tarakimu kabla hujaijibu. Mkopo uliobaki ni kiasi gani, na muuzaji gari hili analithamini kwa kiasi gani? Tofauti hiyo itaingia kwenye mkopo mpya, nawe utakuwa unalipia gari usilokuwa nalo. Dhamana ya sasa bado ina miezi 16. Mikataba mingi huruhusu kuisitisha na kurudishiwa sehemu isiyotumika, na muuzaji hakukutajia hilo. Soma pia kama katika karatasi mpya kuna mstari unaosema huna madai tena kwake. Na gari hilo la pili likaguliwe na fundi wako, angalau hili la kwanza liwe limekufunza kitu chenye thamani.

Kulipa kimyakimya nako si jambo la aibu. Wapo watu wanaopima usumbufu wa kudai wakaona bora wautengeneze ubovu waendelee na maisha yao, hasa kama fundi wa pili atakuta ni valvu na si klachi. Swali langu ni juu ya lile neno "kimyakimya". Theluthi ya bei ya gari utaificha wapi katika nyumba yenye watu wawili? Wakati unawaza, nakuomba upunguze safari, kwa kuwa klachi inayolika huacha vumbi linalozunguka na oili mpaka kwenye valvu za giaboksi, na kampuni inaweza kudai kwamba uliendelea kuendesha huku taa ikiwaka.

Tumefika kwa mume wako. Umeandika kwamba kila ukifungua kinywa unausikia mguno wake. Nimejiuliza kama ni wake bado au umeshakuwa wako, unaojigunia mwenyewe. Katika barua nzima hukuniandikia hata tukio moja ambapo alikucheka ulipokosea. Labda yapo, wewe ndiwe unayemjua. Lakini naona umeshamsomea kesi na kumwandikia hukumu yake bila kumsikiliza, na hilo ni jambo ambalo kampuni ya dhamana imekutendea wewe.

Wala sina hakika kwamba alikuwa sahihi kama unavyodhani. Mtetemo wa namna ile hujificha, na kama kumbukumbu ilikuwa imefutwa, fundi wake angeweza kulizunguka gari asubuhi nzima akalisifu. Akiba aliyoitaka, kama ingekuwa sawa na fedha ya dhamana, huenda nayo isingefika theluthi ya bei ya gari. Kila mmoja wenu alikuwa na kipande cha busara siku ile, na hakuna kipande kilichotosha.

Tena kuna jambo umelipita haraka. Muuzaji aliposema dhamana inalinda kila kitu mpaka sailensa, mlikuwa watu watatu. Maneno ya mdomo hubishaniwa, na mikataba mingi huwa na kipengele kinachosema karatasi ndiyo makubaliano yote. Hata hivyo mtu aliyesikia ahadi kwa masikio yake si wa kupuuzwa mbele ya msuluhishi. Shahidi wako pekee ndiye unayemficha habari.

Siwezi kukuambia umweleze lini, wala kwa maneno gani. Huenda ukaona ni vyema ufanye uchunguzi wako kwanza, umwendee ukiwa na barua, picha na majibu ya fundi wa pili, ili mazungumzo yawe juu ya la kufanya. Hatari yake ni kwamba siku zinaongezeka, na akiligundua kwa njia nyingine, taa uliyoiita ukumbusho wa sevisi itamuuma kuliko giaboksi. Huenda ukaona ni vyema umwambie leo, mikono mitupu. Hatari yake ni kwamba atauliza maswali usiyo na majibu yake, nawe utajisikia mdogo kwa jioni moja. Na kama maneno yanakataa kutoka, unaweza kumpa usukani, mfike 70, ukanyamaza mpaka gari lenyewe liseme. Kisha mwambie ni kwa nini umekuwa dereva mtulivu.

Niandikie tena utakapokuwa umekisoma kitabu cha gari na kile kipengele cha giaboksi, maana mengi niliyoyasema yanaweza kubadilika kwa mstari mmoja. Na hata kabla ya hayo, yatoe yale madumu mawili kwenye buti. Lebo zake zinaonyesha aina ya oili, ambayo unaweza kuilinganisha na inayotajwa kwenye kitabu, na huenda zikawa na namba ya toleo. Kama oili haikuwa ya aina inayotakiwa, ni afadhali uwe wa kwanza kulijua hilo. Yapige picha, kisha uyaweke mahali ambapo hakuna mtu atakayeyatupa akifanya usafi.

Wako,
Mshauri